Dira ya Kariakoo, nimeikubali

Jamani hii dira nimeichukua Kariakoo na naipenda kweli, juzi tupo msitu wa Pugu simu ya mshkaji ikazima chaji na GPS yake ndo ikaishia hapo, nikatandaza ramani ya 1:50,000 chini, nikaweka dira juu nikazungusha karatasi taratibu mpaka kaskazini ya ramani ikaelekeana na sindano, sentimita 1 ni mita 500 kwahiyo unapima tu kwa rula, tukahesabu hatua mpaka barabarani. Ila usiiweke karibu na simu, spika ina sumaku, sindano inayumba hatari! Kifuniko tu ndo kilegevu, kinafunguka chenyewe mfukoni, nimekifunga na raba bendi.