Uzoefu wangu: Arusha hadi Mombasa kwa Fuso, kupitia Holili na Taveta

Naendesha Fuso tandam, yaani lori lenye ekseli mbili nyuma, na mzigo wangu mkubwa ni vitunguu vya Mang'ola ninavyopeleka soko la Kongowea, Mombasa. Kipande cha Taveta hadi Mwatate upande wa Kenya, kilomita 89 hivi, nimekipita kikiwa vumbi tupu, nikakipita kikijengwa, na sasa nakipita kikiwa lami. Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe.

Nianze na kitunguu, maana ndicho kinachompangia dereva saa zake. Kitunguu kinataka hewa. Gari likitembea, upepo unapita chini ya turubai na mzigo unapoa. Likisimama juani, magunia ya katikati yanapata joto na kutoa maji, na ukifika sokoni makuli wanaijua harufu kabla hujafungua kamba. Zamani mpakani tulisimama mara mbili, upande wa Tanzania kisha upande wa Kenya, kila upande na foleni yake, na karatasi ni zilezile. Kuna siku niliingia foleni asubuhi nikatoka jua limezama. Mzigo ukawa umeshaanza kuharibika, mwenye mali anapiga simu kila baada ya dakika kumi, na mbele yangu ni mbuga ya Tsavo Magharibi usiku. Nikakanyaga mafuta.

Nikiwa nakaribia Maktau nikakutana na tembo. Tembo wa Tsavo anajipaka udongo mwekundu mwili mzima, kwa hiyo taa zikimpiga hang'ai. Unachoona ni giza limekuwa zito mahali pamoja. Nilishika breki mpaka nikasikia magunia yanagonga kichwa cha gari. Gari lilisimama, yeye akavuka taratibu na wenzake wawili. Utingo wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, tulale." Tukalala palepale mbele kidogo, mpaka alfajiri.

Tangu usiku ule siwezi kuzungumzia usalama wa barabara nikaacha foleni nje. Dereva aliyepoteza saa nane mpakani atazitafuta barabarani, na lami ikiwa nzuri ndiyo atazitafuta kwa kasi zaidi.

Ndiyo maana kilichonifurahisha kuliko hata lami ni kituo cha pamoja cha forodha cha Holili na Taveta, kilichozinduliwa mwaka 2016. Ukitoka Tanzania unaipita Holili bila kusimama. Maofisa wa nchi zote mbili unawakuta Taveta, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Ukirudi, mambo yote yanafanyika Holili. Safari yangu ya mwisho nilifika saa tatu asubuhi, kabla ya saa sita nikawa nimeshatoka. Lakini wepesi huo unategemea maandalizi: wakala wangu wa forodha huingiza nyaraka kwenye mfumo tangu jana yake, na cheti cha afya ya mimea nakuwa nacho mkononi kabla sijaondoka Arusha. Usipokuwa nacho, utakaa tu, hata jengo likiwa jipya namna gani. Kina mama wenye kreti chache za nyanya wana njia yao: bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zinapita kwa cheti kirahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa palepale mpakani. Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, utawaona wengi.

Mizani nayo ina maneno mengi. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ekseli ya mbele mwisho tani 8, tandam ya nyuma 18, kwa hiyo gari langu na mzigo wake mwisho tani 26. Madalali bado wanataka lumbesa, yaani gunia lenye kilemba juu, na wewe dereva huwezi kujua uzito kwa kuhesabu magunia. Nilikuwa nakubali. Siku moja nikiteremka mlima na lumbesa nilisikia breki zimelainika, harufu ya kuungua ikaingia ndani ya kabini, nikashuka kilomita nzima kwa gia namba mbili huku nikiomba Mungu. Sasa napakia yaliyofungwa sawasawa, napima kabla ya kutoka, na mizani ya Njia Panda naingia moyo ukiwa umetulia.

Mchepuko wa Arusha, barabara ya kuzunguka mji yenye kilomita 42.4, umenitoa katikati ya mji na kunitokeza Usa River. Sina la kuongeza zaidi ya shukrani.

Naipa njia hii nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Kati ya Taveta na Mwatate hakuna mahali pa kutosha pa lori kuegesha kwa usalama, penye taa, choo na mlinzi, na dereva aliyechoka anaishia kulala pembezoni mwa lami kama nilivyolala mimi. Halafu ukitoka Voi unaungana na malori ya makontena ya barabara kuu ya Mombasa. Huko sehemu kubwa bado ni njia moja kwenda na moja kurudi, na watu wanapita wenzao kwenye kona. Nimeona magari mawili yakitazamana uso kwa uso mita chache mbele yangu, na bodaboda amebeba watoto wa shule pembeni. Pale nauma meno nakaa nyuma ya kontena, hata nusu saa.

Kwa anayetaka kuanza njia hii: toka Arusha usiku wa manane, uwe mpakani asubuhi, uvuke Tsavo mchana. Mimi nikichelewa Taveta mpaka saa kumi jioni, naegesha hapohapo hadi kuche. Mwenye mzigo namwambia hivyo kabla ya kupakia, na asiyekubali atafute gari lingine.