Mnada wa vitu vya kale, Tabora mjini: nyota mbili na nusu

Jumamosi nilifuata sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916, pesa ya Wajerumani enzi za ukoloni, ile yenye herufi T, iliyofuliwa hapa hapa Tabora walipobanwa na vita. (Neno letu “hela” limetoka huko.) Sarafu halisi kabisa, nimeipima kwa mzani wangu. Dalali akaanzia elfu sabini, kimya. Akashuka mpaka thelathini na tano, nikaichukua peke yangu. Mwaka jana aliuza rupia ya bandia akagoma kurudisha pesa, na wakusanyaji hatusahau. Kwa dalali mwingine, yule mzee wa jirani na stesheni, anayekubali urudishe mzigo ndani ya wiki, watu wangepandishana hadi laki. Chai ya bure ipo, tena ya tangawizi. Njoo na mzani.