Senti za matangazo kwenye blogu ya mapishi: miaka mitatu na nusu nikiwa Lamu

Tangu Novemba 2021 nilipoanza kuweka matangazo kwenye blogu yangu ya mapishi, nimelipwa mara moja tu. Naanza na hilo kwa sababu mabinti wanaonitumia ujumbe kuniuliza wameshasikia hadithi za watu kulipwa maelfu ya dola kila mwezi, na sitaki mtu atoe pesa ya sokoni anunulie bando akitarajia hayo. Lakini matangazo yale siyaondoi, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mpishi. Nilikuwa nikipika kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela, kijiji cha jirani na mji wa Lamu, hadi 2020, corona ilipokuja, wageni wakakatika na nyumba ikafungwa. Nikabaki nyumbani mtaa wa Langoni na simu mkononi na mapishi kichwani. Nikafungua blogu kwenye Blogger, ambayo ni ya bure, nikawa naandika usiku watu wakishalala: mkate wa sinia, samaki wa kupaka, viazi vya karai, kaimati, mahamri. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachopikia.

Huduma niliyojiunga nayo ni Google AdSense, ambayo ipo tangu 2003. Unawapa nafasi kwenye ukurasa wako, wao wanaijaza. Msomaji anapofungua ukurasa, wenye matangazo huigombea nafasi ile mfano wa mnada wa samaki: anayepanda bei zaidi ndiye anayeonekana, nawe unapata fungu lako. Zamani hesabu ilitegemea sana msomaji kubofya tangazo. Tangu mapema 2024 unalipwa kwa tangazo kuonekana tu.

Nilipoomba mara ya kwanza nilikataliwa, na nikitizama nyuma naona walikuwa na haki. Nilikuwa na mapishi 7, mengine picha moja na mistari mitatu. Nikaongeza hadi yakawa 26, na kila pishi nikalieleza kama ninavyomweleza mtu aliyesimama nami jikoni. Kwa mkate wa sinia sikuandika tena "acha rojo liumuke". Niliandika: tizama ukingoni mwa bakuli, viputo vidogo vikianza kupasuka na harufu ya hamira ikakujia kabla hujainama, mimina siniani, usingoje. Nikaweka na ukurasa wa kueleza mimi ni nani, na mwingine wa sera ya faragha. Safari hiyo wakanikubali.

Sasa niseme habari ya kadi, maana hapa ndipo wengi wa kwetu hukwama. Mapato yakifika dola 10 wanakutumia kadi kwa posta, yenye namba ya siri ya tarakimu 6, ili wahakikishe anwani yako ni ya kweli. Mimi nilifika dola 10 Ramadhani ya 2022, miezi mitano baada ya kuanza. Anwani gani? Hapa Amu, ndivyo tunavyouita mji wa Lamu, hatuelekezani kwa namba ya nyumba, tunaelekezana kwa mtaa, msikiti na jina la mwenyewe. Nikaandika sanduku la posta la ami yangu, Lamu 80500. Wiki tatu zikapita, kadi haikufika. Nikaomba nyingine. Na kuna sharti: miezi minne ikiisha hujaingiza namba ile, matangazo yanasimamishwa.

Ikawa kila alasiri nikimwona ami barazani, "Ami, umepita posta?" Naye, "Nimepita mwanangu, hakuna kitu." Hadi nikaona haya kumuuliza. Ilifika Agosti, siku chache kabla ya muda kwisha: karatasi nyeupe nyepesi iliyokunjwa na kugandishwa pande zote, pembeni ina safu za vitundu vya kuchania. Ami hakukubali niichane mimi. Aliichana mwenyewe ukingo mmoja baada ya mwingine, akaifunua, akanisomea tarakimu moja moja huku mimi naziandika kwenye simu. Anayeanza leo nampa neno hili: tumia sanduku la mtu anayelifungua kila wiki, na jina la akaunti lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho chako.

Kuhusu kiasi. Mwezi wa kawaida napata dola 2, ikizidi sana 3. Kuna siku naamka nakuta senti 4. Ramadhani ndiyo inayoubeba mwaka: ya 2023 ilinipa dola 18, ya 2024 dola 24. Ukitizama ramani ya wasomaji utaelewa. Wapo wa Mombasa na Dar es Salaam, na hao ndio wengi, lakini wapo pia watu wetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto, ambao saa za alasiri wanatafuta namna ya kukoroga kaimati kama za kwao. Mwenye tangazo hulipa zaidi kumfikia mtu aliyeko London kuliko aliyeko Lamu, kwa hiyo msomaji mmoja wa kule anaweza kuniletea kuliko kumi wa hapa. Wa hapa ndio wanaonisimamisha njiani kuniambia pishi limetoka vizuri, na hilo halimo kwenye hesabu yao.

Jambo jingine lililonishangaza ni makala gani inaleta pesa. Niliandika kwa muda mrefu juu ya mkate wa mofa, juu ya joko lenyewe la udongo na namna bibi alivyokuwa akiubandika unga ukutani mwake kwa kiganja kilicholowa. Nimeipenda kuliko zote. Inasomwa na watu wachache kwa mwezi. Inayonibeba ni ile fupi ya kujibu swali: kwa nini kaimati zinanyonya mafuta? Jibu lake ni mistari sita, mafuta hayajapata moto au rojo ni jepesi mno, basi. Mtu aliyekwama jikoni, mikono ina unga, ndiye anayetafuta mtandaoni. Tangu nilijue hilo, kila nikiulizwa swali sokoni au harusini naliandika kwenye daftari.

Mwisho wa 2022 subira ilinishinda. Kikomo cha malipo cha AdSense ni dola 100, na kwa blogu ndogo ni mlima. Nikaona kampuni nyingine ya matangazo, jina sitalitaja, inayoahidi kulipa kuanzia dola 5 bila kadi wala posta. Nikaweka msimbo wao. Kwa wiki mbili senti zilipanda kweli, nikafurahi. Halafu siku moja nilikuwa Shela, mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu akaniita ndani, akanikalisha. Akasema, "Mwanangu, nilifungua pishi lako la uji nipo na mjukuu wangu. Kimeruka kitu kikafunika simu nzima. Mwanamke hana nguo. Nikijaribu kukifunga, kinafungua cha kamari." Hakunigombeza. Aliongea polepole, akitizama mkeka, na hilo lilinichoma kuliko angepiga kelele.

Nilirudi na mashua ya kwanza iliyokuwa ikienda Amu, nikautoa msimbo ule kabla sijavua buibui. Nilikuwa nawadai dola 6 na senti. Niliwaandikia mara tatu, hawakunijibu. Pesa ile nimeisamehe. Kilichonikaa ni kwamba jina langu na mapishi ya mama yangu yalikaa wiki mbili juu ya uchafu ule, na wasomaji wangapi waliuona wakanyamaza kwa heshima.

Hapo ndipo nilipoichukulia AdSense kwa uzito. Ndani ya akaunti kuna sehemu ya kuzuia aina za matangazo. Nilikaa jioni nzima nikazipitia: kamari na pombe nikahakikisha zimefungwa, uchumba nikafunga, na nyingine zisizofaa kukaa kando ya chakula cha futari. Unaweza pia kufungua orodha ya matangazo yaliyoonekana kwako na kulifungia moja moja. Najua kila ninapofunga mlango napunguza wanaogombea nafasi, na pengine napoteza senti. Nazipoteza kwa moyo mkunjufu. Kwangu mimi hii ndiyo sifa kubwa ya huduma hii, na ni ajabu kuwa wanaoitangaza huko mtandaoni hawaisemi, wao ni dola tu.

Tahadhari moja kwa wenye familia kubwa. Mtoto wa kaka yangu alikuja mbio siku moja, "Shangazi, leo tumekubofyia darasa zima!" Walidhani wananisaidia. Mwisho wa mwezi mapato ya siku ile yalikatwa yakarudishwa kwa wenye matangazo, na ndivyo sheria ilivyo: usibofye matangazo yako mwenyewe, wala usiwaombe watu wakubofyie. Ikizidi, akaunti inafungwa na vyote vinapotea. Nilimkalisha nikamweleza, na tangu hapo wakifungua blogu wanasoma tu.

Malipo. Nilivuka dola 100 Ramadhani ya 2024. Mapato ya mwezi hufungwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata, na pesa hutumwa kati ya tarehe 21 na 26. Zilitumwa Mei, dola 103.48. Kwa bei ya dola ya siku zile nilitarajia zaidi ya shilingi elfu 13. Kilichoingia ni 11,790. Benki ilikata ada ya kupokea pesa kutoka nje, na ilinibadilishia kwa bei yake. Hakuna aliyeniambia mapema, na nilipouliza kaunta niliambiwa ndivyo ilivyo. Kwa hiyo kabla ya kuweka namba ya akaunti, nenda kaulize ada ya kupokea dola, uliza benki mbili au tatu. Mimi nimeshahamia nyingine. Tena unaweza kujiwekea kikomo cha malipo kikubwa zaidi ya dola 100, ili ada ikatwe mara chache, na ndivyo nilivyofanya sasa.

Kama ningehesabu bando peke yake, miaka ile ya kwanza nilitoa zaidi ya nilichopata. Wala si kazi. Kazi yangu ni sinia za harusi na maulidi, na wageni wa Shela waliorudi. Anayetaka kulisha watoto kwa njia hii na anaandika kwa Kiswahili juu ya mapishi, namwambia wazi hazitatosha. Lakini mtu ambaye angeandika hata bila malipo, kama mimi, ajiunge, azuie yasiyofaa, na asubiri.

Zile 11,790 nilinunua masinia mawili mazito ya mkate na simu ya bei nafuu kwa mama, ili aache kusoma mapishi yake mwenyewe kupitia simu yangu. Jioni ile nilimwonyesha tangazo lililokuwa chini ya picha ya mkate wa sinia, nikamweleza kwamba hilo ndilo lililonunua simu aliyoishika. Akalitizama kitambo. "Hizo pesa zapita ndia gani hata zifike huku Amu?" Nikaanza kumweleza habari ya mnada na benki, lakini alikuwa ameshalipita tangazo anasoma pishi, kidole kinafuata mstari. Akasimama penye tui. Hukuandika, akaniambia, kwamba tui la pili halitiwi, ni la kwanza tupu.

Nikachukua simu yangu nikalisahihisha pale pale. Leo akaunti inasoma dola 61.17.