Seti ya merikebu ya mbao: mbao safi, karatasi ya maelezo ovyo

Nimeinunua kwenye duka la mtandaoni, shilingi 4,800 pamoja na kuletewa hadi Kisumu. Ni merikebu ya milingoti miwili, aina ya skuna, kipimo cha 1 kwa 100, na ikikamilika inakaribia sentimita 40 toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Jina la muuzaji nitalihifadhi, utaona ni kwa nini.

Mbao nazisifu bila kusita. Mkuku (uti wa chini wa merikebu) na mataruma (mbavu zake) ni plaiwudi iliyokatwa kwa leza, na imekatwa kwa adabu: taruma linaingia kwenye mwanya wake bila kulegea na bila kugoma. Kingo zinakuja nyeusi kwa sababu leza huunguza inapopita. Weusi huo uutoe kwa msasa kabla ya kupaka gundi, maana gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri juu ya makaa. Mbao za ubavuni ni fito nyembamba za mti mweupe, laini, ambazo sikuona fundo hata moja.

Karatasi ya maelezo ndiyo balaa. Picha ni ndogo, maneno ni machache na hayaeleweki, na mahali panapohitaji ufafanuzi hasa, yaani kupiga mbao ubavuni, wameweka mshale tu. Mbaya zaidi, picha zinaonyesha ubavu wa kulia ukijazwa wote kabla wa kushoto haujaguswa. Usifuate. Ubao uliopindwa huvuta kurudi ulikotoka, na mkuku wenyewe una unene wa milimita chache tu. Jaza upande mmoja, mkuku wote utaenda upande huo, na gundi ikishakauka hakuna wa kuunyoosha. Piga mmoja kulia, mmoja kushoto, ukianzia kwenye usawa wa sitaha na kushuka.

Haya niliyapata ufukoni Dunga, hapa Kisumu, kwa mafundi wanaounda mashua za wavuvi. Nilibeba mifupa ya merikebu kwenye katoni nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akiziba nyufa za mashua kwa pamba. Aliifuta mikono, akachukua ufito mmoja, akaulaza juu ya mataruma na kufumba jicho moja.

"Omera, usipige mbao bado. Ona hapa mbele, imeshika ncha tu."

Kweli. Mataruma ya mbele yana kingo zilizonyooka ilhali ubavu unajikunja kuelekea omo, kwa hiyo ubao ulikuwa unagusa kona badala ya kulala. Nilibandika msasa kwenye kijiti kirefu nikapitisha juu ya mataruma matatu matatu kwa pamoja, mpaka ufito ukalala wote. Kazi hiyo peke yake ilinila jioni kadhaa, na karatasi haiitaji popote. Nikamuuliza mzee kuhusu kupinda, akasema mbao yangu ni kavu mno, niiloweke. Maji ya moto yalitosha: ufito unakubali kukunjwa taratibu kwa vidole, kisha unaubana na vibanio vya nguo hadi ukauke, ndipo upake gundi. Kumbuka pia kuzipunguza fito upana zinapokaribia omo, la sivyo zitapandana. Mimi sikushuka chini ya nusu ya upana.

Jirani aliniuliza mtu mzima anachezea nini. Nilimjibu kwamba mji wetu umeanza na mchezo huu huu. Meli ya William Mackinnon, iliyoshushwa majini hapa mwaka 1900, iliundwa Uskoti, ikafunguliwa na kuletwa vipande vipande, tena kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Hata MV Victoria, iliyoanza kazi 1961, ililetwa kwa vipande kutoka Uskoti ikaunganishiwa hapa. Sina hakika kama alishawishika, lakini tangu hapo huja kuangalia nimefika wapi.

Sitaha ni rahisi na inapendeza haraka. Pitisha penseli kwenye ukingo wa kila kijibao kabla ya kukibandika. Mstari mweusi unaobaki katikati unaonekana kama kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa. Msimu wa mvua, hata hivyo, usiwe na haraka. Hewa ya huku karibu na ziwa huchelewesha gundi, na sitaha yangu niliiacha usiku kucha chini ya vitabu vizito.

Uzi wa kamba una manyoya. Tafuta nta ya nyuki, upitishe uzi juu yake mara kadhaa, utatulia na kushika fundo. Matanga yaliyokuja ni kitambaa kizito kuliko inavyofaa merikebu ya ukubwa huu, kwa hiyo nilikata mengine kutoka kwa pamba nyepesi ya soko la Kibuye.

Mtoto mdogo usimnunulie, atachoka kwenye mataruma. Mtu mzima mwenye subira, mwenye kisu kikali na taa nzuri, atapata thamani ya pesa yake kwenye mbao pekee.

Jambo moja bado linaniudhi. Vile vidude vya duara vyenye matundu matatu, vya kukazia kamba za milingoti, vilipungua vinne. Muuzaji aliomba picha, nikatuma, akanyamaza mpaka leo. Nimevichonga mwenyewe kwa mwanzi. Ukiagiza, hesabu vidude hivyo siku ile ile mzigo unapofika, kabla siku za kurudisha hazijaisha.