Tovuti ya YouGov ukiwa Lubumbashi: fungua jedwali kabla ya kuamini grafu

Siasa za vyama vya Uingereza zinatufikia Lubumbashi kwa vipande: dakika mbili za redio, picha ya grafu iliyopita mikono kumi kwenye WhatsApp, kisha ubishi. Wanaobishana wanawajua wakubwa: Starmer wa chama cha Labour, Badenoch wa Conservative, Farage wa Reform UK. Mpiga kura mwenyewe wa Sunderland au Swansea hawamsikii, na yeye ndiye anayewanyima wakubwa hao usingizi. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba msaada wa Uingereza kwa nchi za nje utashushwa kutoka 0.5% hadi 0.3% ya pato la taifa ifikapo 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Uamuzi kama huo unagusa nchi kama Kongo, na mtu anayetaka kuuelewa inampasa ajue wapiga kura wa kule wanatanguliza nini.

Kwa kazi hiyo kuna huduma ya bure ambayo wengi wameitaja na wachache wameifungua: tovuti ya YouGov, kampuni ya kura za maoni iliyoanzishwa London mwaka 2000. Tunaipima hapa kama chombo cha kazi: inatoa nini, inakosea wapi, na kwa nini.

YouGov haigongi milango ya watu. Ina kundi kubwa la watu waliojiandikisha wenyewe kujibu maswali mtandaoni, wakipata pointi zinazogeuka fedha kidogo. Kwa uchunguzi mmoja wa siasa huulizwa watu kama 2,000, kisha majibu hupewa uzito ili umri, jinsia, mkoa, elimu na kura ya uchaguzi uliopita vilingane na hali halisi ya nchi. Kundi lililojibu kwa uchache, kila mtu wake anahesabiwa zaidi ya mmoja; kundi lililofurika, kila mtu wake anahesabiwa chini ya mmoja.

Kusoma hakuhitaji akaunti wala malipo. Chagua mwenyewe toleo la United Kingdom, maana tovuti ina matoleo ya nchi nyingi na unaweza kujikuta unasoma maoni ya Wamarekani. Ingia sehemu ya siasa. Utakuta makala fupi zenye grafu, na utakuta maswali ya kudumu yanayorudiwa wiki hadi wiki: waziri mkuu anafanya vizuri au vibaya, tatizo kubwa la nchi ni lipi, Uingereza ilikosea kutoka Umoja wa Ulaya au la. Grafu zinavutia macho. Cha kutafuta ni kiungo cha jedwali kamili, mara nyingi faili la PDF. Kampuni zilizo katika British Polling Council, umoja wa kampuni za kura za maoni, YouGov ikiwamo, zinalazimika kuweka majedwali hayo wazi ndani ya siku mbili za kazi baada ya matokeo kutangazwa. Kampuni isiyoonyesha jedwali, achana nayo.

Sasa tulifungue moja, lile la swali la kila wiki: kama uchaguzi mkuu ungefanyika kesho, ungepigia chama gani? Juu kabisa pana tarehe za kuhoji. Zisome kwanza, maana picha nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu ni za miezi iliyopita. Chini yake pana idadi ya waliohojiwa, kisha asilimia za vyama. Hapo ndipo wengi wanaishia, na hapo ndipo wanapoteleza. Teremka zaidi hadi mistari ya "Don't know", "Would not vote" na "Refused": wasiojua, wasiotaka kupiga kura, na waliokataa kujibu. Asilimia za vyama zinazotangazwa zimehesabiwa baada ya watu hao kuondolewa.

Tufanye hesabu ya mfano. Wameulizwa 2,000. Tuseme 15% hawajui, 15% hawatapiga kura, 2% wamekataa. Wamebaki 1,360. Chama kinachotangazwa kuwa na 27% kina watu 367 kati ya hao, yaani kama 18% tu ya wote walioulizwa. Anayesema pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwamba "robo ya Waingereza wanataka chama fulani" amesema kitu ambacho jedwali halisemi. Zaidi ya hapo, kwa watu 1,360 ile 27% inaweza kuwa 25 au 29 bila lolote kubadilika nchini. Chama kikipanda kutoka 27 hadi 28 ndani ya wiki moja, hiyo si habari. Habari ni mstari unaopanda wiki sita mfululizo, tena kwa kampuni zaidi ya moja.

Safu za kulia ndizo zenye utajiri. Kuna safu za umri, za mikoa, za kura ya 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya, na za kura ya 2024. Hizo za 2024 zisome kwa kushuka chini, si kwa kwenda kando: chukua waliompigia Labour mwaka 2024, uone wangapi wamebaki na wengine wamekwenda wapi. Tangu 2025 jibu limekuwa lile lile kwa sura yake kubwa. Wanaoiacha Labour hawaelekei upande mmoja: wapo wanaokwenda Reform UK, wapo wanaokwenda kwa Liberal Democrats na chama cha Kijani, na wengi wamekaa tu kwenye mstari wa wasiojua. Kikapu cha Reform, kwa upande wake, kimejaa zaidi watu waliokuwa wa Conservative. Anayedhani kura zote zinahama kutoka Labour kwenda kwa Farage hajafungua safu hizi.

Angalia vizuri safu mbili zenye herufi, ABC1 na C2DE. Watu huzitafsiri "matajiri" na "maskini", na ni kosa. Ni mgawanyo wa kazi: ABC1 ni za ofisini na za kitaalamu, C2DE ni kazi za mikono, pamoja na wasio na ajira na wastaafu wanaoishi kwa pensheni ya serikali peke yake. Fundi umeme mwenye kipato kizuri yumo C2, karani mwenye mshahara mdogo yumo C1. Na kwa kuwa wastaafu wengi wamo C2DE, mara nyingine kinachoitwa "hasira ya wafanyakazi" ni umri kwa sehemu kubwa. Linganisha na safu ya miaka 65 na zaidi kabla hujasema neno.

Safu ya Scotland usiitumie kabisa kwa wiki moja. Ndani ya sampuli ya 2,000 Waskoti huwa kama 160 hivi, na kwa watu 160 kosa linaweza kufika pointi 8 juu au chini. Kwa Scotland subiri uchunguzi wake wenyewe wa watu 1,000 au zaidi. Ireland ya Kaskazini haimo kabisa katika hesabu ya kawaida, kwa sababu ina vyama vyake. Ndiyo maana matokeo ya kulinganisha nayo ni ya Great Britain (England, Scotland na Wales), si ya Uingereza yote. Mwaka 2024 Labour ilipata 33.7% ya nchi nzima, lakini ukitoa Ireland ya Kaskazini ni 34.7%. Pointi moja hiyo huzua ugomvi usio na sababu.

Udhaifu mwingine uko kwenye maswali. Kwa "tatizo kubwa la nchi", YouGov inampa mtu orodha achague hadi matatu. Ipsos, kampuni nyingine ya kura za maoni, ambayo imekuwa ikiuliza swali la aina hiyo tangu 1974, haitoi orodha: mtu anasema la moyoni mwake. Hizo ni ala mbili tofauti. Orodha inakumbusha watu mambo ambayo wasingeyataja, kwa hiyo asilimia zake zisiwekwe kando ya za Ipsos kana kwamba ni kitu kimoja. Ukitaka kujua mpiga kura anaamka na wazo gani kichwani, Ipsos ni bora. Ukitaka kuona wazo linapanda au linashuka wiki hadi wiki, YouGov haina mpinzani kwa urahisi wake.

Mfano mzuri wa matumizi ni posho ya joto ya majira ya baridi. Julai 2024 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba posho hiyo ya pauni 200 au 300 itabaki kwa wastaafu maskini tu, na wazee zaidi ya milioni 9 wakaikosa. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma: wenye kipato hadi pauni 35,000 wakarudishiwa. Kwa jambo kama hili usisome swali la "unaunga mkono au unapinga" peke yake. Tafuta swali la jumla kuhusu serikali kabla na baada, ufuate safu ya wazee. Utaona kwamba kurudisha posho hakukurudisha imani kwa kasi ileile iliyoondoka nayo. Hilo ndilo jambo ambalo mpiga kura wa kawaida hulisema tena na tena, na hakuna hotuba ya bungeni inayolionyesha.

Kwetu sisi pagumu zaidi ni viti. Tumezoea orodha na uwiano, na kizingiti cha 1%. Kule kila jimbo lina mbunge mmoja, anayeongoza anachukua vyote, hata kwa kura 6, kama Reform ilivyoshinda Runcorn and Helsby Mei 2025. Uchaguzi wa Julai 2024 uliipa Labour viti 411 kati ya 650 kwa 33.7% ya kura. Reform ilipata 14.3% na viti 5. Liberal Democrats walipata 12.2%, pungufu ya Reform, wakaondoka na viti 72, kwa sababu kura zao zimekusanyika mahali pamoja na za Reform zilitawanyika nchi nzima. Kwa hiyo asilimia ya kitaifa usiigeuze viti kwa kuzidisha mara 650. Kwa viti YouGov ina kazi nyingine, inayoitwa MRP: inahoji makumi ya maelfu ya watu, kisha inakadiria kila jimbo kulingana na aina ya watu wanaoishi humo.

MRP imeaminika kiasi gani? Mwaka 2017 ilisema hakuna chama kitakachopata wingi wa viti, wengi wakaicheka, ikawa kweli. Mwaka 2024 makadirio yake ya mwisho yaliipa Labour viti 431 na Conservative 102. Ukweli ukawa 411 na 121. Mshindi walimpata, ukubwa wa ushindi waliuzidisha, na si wao peke yao. Rekodi ya nyuma ina makovu pia. Mwaka 2015 kampuni zote zilionyesha Labour na Conservative wakiwa bega kwa bega, na Conservative wakashinda kwa pointi zaidi ya 6. Uchunguzi wa kosa hilo ulioongozwa na Profesa Patrick Sturgis ulikuta kosa kuu ni sampuli: waliohojiwa hawakufanana na wapiga kura. Siku ya kura ya Umoja wa Ulaya mwaka 2016 YouGov ilionyesha 52 kwa 48 upande wa kubaki. Ikawa 52 kwa 48 upande wa kutoka. Ugonjwa huo haujapona kabisa. Mtu anayejiandikisha kujibu maswali ya siasa anaipenda siasa kuliko jirani yake, na uzito wa hesabu hauwezi kumgeuza kuwa jirani.

Kwa sababu hiyo tunashauri kuiongezea More in Common, shirika la utafiti wa maoni, ambalo pamoja na takwimu hufanya mazungumzo ya vikundi vidogo vya wapiga kura na kuchapisha maneno yao. Humo ndimo unasikia sauti ya bili ya umeme, miadi ya daktari isiyopatikana, mashua za wahamiaji kwenye mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, na neno linalojirudia kwa kila chama: wamevunja ahadi. Watu wanane mezani si taifa, usiwatolee asilimia. Lakini ukisoma jedwali bila kuwasikia, utajua wangapi wamekasirika bila kujua wamekasirikia nini.

Kwa anayetumia simu na forfe (kifurushi cha intaneti) ndogo: kurasa za grafu zinakula mega na kwa mtandao dhaifu huacha nafasi nyeupe. Pakua PDF umeme ukiwapo, uisome baadaye bila mtandao, simu ukiwa umeilaza. Zima tafsiri ya moja kwa moja kwenye jedwali. Inaigeuza Labour kuwa "kazi" na Reform kuwa "mageuzi", na mstari mzima unapoteza maana. Ni afadhali ujifunze maneno kumi ya Kiingereza ya jedwali, mara moja yatosha.

Kwa bei ya bure na uwazi wa majedwali tunaipa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya tano inanyimwa na makala zake zenyewe, ambazo mara nyingi huweka asilimia za vyama kwenye kichwa cha habari na kuwaacha wasiojua chini kabisa. Na usiku wa uchaguzi mkuu iweke kando: vituo vinafungwa saa nne usiku ya kule, ambayo majira ya kiangazi ni saa tano ya Lubumbashi, na dakika hiyohiyo vituo vya televisheni hutangaza makadirio ya pamoja yanayotokana na watu waliohojiwa wakitoka kupiga kura. Hao wamekwisha kutumbukiza karatasi, hawaulizwi tena kuhusu kesho.