Oveni ya mezani ya lita 25: inamfaa mtu anayependa kusoma?

Mbukwenyi jamani! Karibuni tena jikoni kwangu, hapa hapa Dodoma. Leo nina vitu viwili mezani na nitavichambua kwa pamoja, maana kwangu mimi vinafanya kazi moja. Cha kwanza ni hii oveni ndogo ya umeme, lita 25, wati 1,500. Cha pili ni hiki kitabu chembamba, Kusadikika cha Shaaban Robert. Najua kuna mtu huko ameshasema, "Huyu leo kachanganyikiwa." Subiri kwanza.

Tuanze na oveni maana ndiyo iliyokula hela. Mimi nimeipata kwa shilingi 145,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji. Chapa sitaitaja, kwa sababu hizi oveni ukiingia dukani utakuta majina tofauti lakini maungo ni yale yale: koili mbili juu, mbili chini, mlango wa kioo, trei moja, wavu mmoja, na swichi tatu za kuzungusha hapa pembeni. Ngoja nisogeze kamera. Hii ya juu ni ya joto, inaanzia 100 inaishia 250. Hii ya kati unachagua moto wa juu, moto wa chini, au wote. Na hii ya chini ni ya dakika, mwisho wake 60. Ikifika sifuri inapiga kengele na oveni inajizima yenyewe.

Hiyo ya chini ndiyo niliyoilipia. Hayo mengine ni nyongeza.

Nieleze. Wengi wetu tumekua tukiona keki na mkate wa kumimina vikiokwa kwa mkaa. Jiko chini, sufuria yenye mchanga, chombo cha keki ndani yake, mfuniko wa bati, halafu makaa juu ya mfuniko. Na kwa ladha sitawadanganya: mkate wa kumimina wa shangazi yangu kule Kondoa, ule uliopaliwa makaa, hii oveni haiufikii hata kwa mbali. Ile rangi ya juu, ile harufu ya iliki ikichanganyika na moshi kidogo, hapana, hapa huipati. Atakayekuambia oveni ya umeme inashinda mkaa kwa ladha, mwombe kwanza aonje.

Lakini mkaa hautaki uwe na shughuli nyingine. Umekaa tu, upepo umegeuka, na upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, hasa kuanzia mwezi wa saba huko. Makaa ya juu yamechachamaa, ya chini yamefifia. Unainuka unapunguza, unarudi, unapepea, unafunua kidogo kuchungulia, keki inadidimia katikati. Kitabu utakishika mkononi sawa, ila kusoma husomi. Jicho moja liko kwenye mstari, jingine liko kwenye mfuniko.

Sasa hii, ukishafunga mlango na kuzungusha hapa, umepewa dakika 40 ambazo hazina mwenyewe. Sahani huoshi kwa sababu umeshaosha. Sokoni huendi kwa sababu huwezi kuacha oveni inawaka nyumba haina mtu. Simu, haya, simu iweke chumbani. Umebaki wewe, kiti na kitabu. Na harufu inaanza kutoka kama dakika ya 15 hivi, ukurasa unakuwa mtamu hata kama mwandishi hajakusudia.

Tuje kwenye kasoro, maana zipo. Kubwa kuliko zote: swichi ya joto inasema uongo. Niliweka kipimajoto cha oveni ndani, hivi vidogo vya kusimamisha kwenye wavu, nikazungusha mpaka 180. Kikasoma zaidi ya 200. Na nyuma kule ni moto kuliko mbele, kwa hiyo keki inaiva upande mmoja wakati mwingine bado ina rangi ya uji. Dawa yake ni mbili: zungusha swichi mpaka 160 tu, uiache ipate moto dakika 10 kabla ya kuingiza kitu, halafu nusu ya muda fungua haraka, geuza chombo, funga. Ndiyo, utakatisha kusoma mara moja. Unavumilia.

Kasoro nyingine ni kimo. Keki ikiumuka vizuri inakaribia koili za juu na kuungua kichwani. Tumia trei ya chini kabisa, na chombo cha inchi 8, usijaze zaidi ya nusu. Ikianza kuwa nyekundu mapema, ifunike kwa karatasi ya foili. Wale mnaota keki ya harusi ya ngazi tatu, hii siyo oveni yenu.

Na mlango unachoma. Kioo ni kimoja tu, hakina cha ndani na cha nje kama zile kubwa. Kama una mtoto anayetambaa au anayeshika shika, iweke juu ya kaunta, ndani kabisa.

Haya, leo ninachooka ni keki ya karanga na zabibu kavu, kitu cha kawaida kabisa. Hakuna krimu, hakuna mapambo. Unga wa ngano vikombe 2, sukari robo tatu ya kikombe, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo. Mayai 2, mafuta ya alizeti nusu kikombe, maziwa mgando kikombe kimoja. Karanga zilizokaangwa na kupondwa kwa kinu, ngumi moja. Zabibu kavu ngumi moja. Mafuta ya alizeti mimi natumia yale ya Singida, yana harufu yake kidogo, na kwenye keki ya karanga harufu hiyo inakaa vizuri. Kwenye keki ya vanila tupu ningetumia mengine.

Zabibu ndizo nataka mziangalie. Tuko Dodoma, mji wa zabibu. Mizabibu yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, tuna hata kituo cha utafiti pale Makutupora kinachoshughulika na zao hili, halafu mtu anaenda kununua zabibu kavu za kwenye pakiti zilizotoka nje ya nchi! Jamani. Za hapa nyingi ni nyeusi, ndogo, na mara nyingine zina mbegu, hilo nakubali, ukitafuna unasikia *ka!* kwenye jino. Lakini tazama hii niliyoipasua: ndani bado ina unyevu, na utamu wake una uchachu kwa nyuma. Ile ya pakiti ni sukari tupu. Zioshe mara mbili kwa sababu zinaanikwa nje na vumbi letu mnalijua, ziloweke kwenye chai ya rangi ya moto kwa dakika 10, zichuje, zikaushe na kitambaa, halafu uzigaragaze kwenye unga kabla ya kuzitia. Usipozigaragaza zitazama zote chini na utakata keki yenye tabaka la zabibu kwenye kitako.

Jambo jingine dogo ambalo mapishi ya Dar na Zanzibar hayatakwambia. Huku tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kama 96 hivi. Keki inaumuka haraka na kukauka haraka. Kwa hiyo ukichukua pishi la pwani, ongeza maziwa vijiko viwili vitatu, na beking pauda punguza kidogo. Hewa yenyewe ya huku ni kavu, keki ukiiacha wazi usiku mmoja asubuhi unavunja tofali.

Changanya vikavu peke yake, vya maji peke yake, kisha unganisha kwa mwiko, usipige sana. Ukiona unga umeshapotea, acha. Ingiza. Dakika 40. Funga.

Sasa kitabu.

Kwa nini Kusadikika, na si riwaya nyingine yoyote? Kwa sababu kimekatwa kwa kipimo cha oveni hii. Kilitoka mwaka 1951, enzi ya Mwingereza. Kinasimulia nchi inayoelea hewani, na mtu mmoja, Karama, anayeshtakiwa mbele ya mfalme. Kosa lake? Anataka watu wafundishwe sheria. Anayemshtaki ni waziri, jina lake Majivuno, na ukisikia jina tu umeshajua unashughulika na mtu wa namna gani. Karama anapojitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: mmoja mashariki, mmoja magharibi, kaskazini, kusini, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mmoja anarudi na jambo la kuwafaa watu wa nchi yake, na kila mmoja anaishia gerezani.

Safari ya mjumbe mmoja, keki moja. Hujisikii umekatishwa, hujisikii umepunjwa. Kengele ikilia, mjumbe wako ameshafungwa, unaweza kwenda kukata keki ukiwa na hasira zako.

Mimi napenda kukisoma kwa sauti. Shaaban Robert ana sentensi ndefu, zenye mizani, ukizisoma kimoyomoyo unaweza kupotea njiani, lakini ukizitamka unaona kila kipande kimekaa mahali pake. Mdogo wangu wa kidato cha pili huwa anajifanya hasikilizi, yuko na karanga zake anachambua. Tulipofika mjumbe wa tatu akainua kichwa: "Sasa hawa wajumbe hawaambiani? Wa kwanza kafungwa, wa pili kafungwa, huyu anakubali vipi kwenda?" Nikamwambia hilo ndilo swali la kitabu kizima. Akasema, "Basi endelea." Na karanga akaziacha.

Je, kitabu hakina kasoro? Kinazo. Wabaya ni wabaya kweli kweli na wema ni wema mno, hakuna mtu wa katikati, na kuna kurasa ambapo mwandishi anaacha kusimulia anaanza kuhubiri. Msomaji wa leo aliyezoea hadithi za mbio atapiga miayo hapo. Mimi kurasa hizo ndizo ninazogeuzia chombo. Lakini ukiishi katika mji huu wa Bunge, ukapita pale kila siku na daladala, halafu jioni ukasoma hotuba za Karama barazani, kuna mambo utayasikia kwa sikio jingine. Mwisho wake siwaambii.

Mmoja ataniuliza, je, Kuli cha Shafi Adam Shafi? Kitabu kizuri mno, cha makuli wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948. Msisome keki ikiwa motoni. Kile hakikuachii. Kengele italia, utasema "ukurasa mmoja tu," na kwa bahati oveni inajizima, lakini keki inabaki mle ndani kwenye joto na kukauka. Hicho kisome na kashata ambazo zimeshapoa.

Gharama za kuendesha. Wati 1,500 kwa dakika 40 ni uniti moja kamili kama koili zingewaka muda wote, ila hazifanyi hivyo, zinawaka na kuzima joto likishatosha. Ukijumlisha na zile dakika 10 za kuipasha, bado tunazungumzia uniti moja hivi, ambayo kwa mtumiaji wa kawaida haifiki shilingi 400. Mkaa wa kuokea keki hii hii, kwa bei za sasa, hauupati kwa hela hiyo. Tatizo ni umeme ukikatika katikati. Ukikatika dakika za mwisho, usifungue mlango, joto la ndani litamalizia. Ukikatika dakika ya 10, pole, washa jiko la mkaa uhamishie kwenye sufuria ya mchanga.

Na tafadhali, ichomekeni kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Zile ekstensheni za elfu tano zinapata moto mpaka plastiki inanuka.

Angalieni sasa, hii hapa imetoka. Naikata mbele yenu. Zabibu zimetawanyika, hazijazama, katikati imeiva, upande huu wa nyuma umekolea kidogo lakini haujaungua. Juu sipaki krimu. Nachukua unga wa ubuyu kijiko kimoja, sukari laini vijiko vitatu, maji ya matone, nakoroga iwe nzito, namwagia. Uchachu wa ubuyu unakata utamu wa zabibu, na rangi inakuwa kama maziwa. Jaribu kabla hujabisha.

Hukumu yangu: kama unaoka kuuza, usiinunue hii, tafuta ya lita 60 kwenda juu au endelea na mkaa, mkaa unakubeba vizuri tu. Kama unaoka mara moja moja kwa ajili ya nyumbani na unatafuta muda wa kusoma ambao hauupati, inunue, na usiongeze hela kwa sababu eti ina feni au ina kijiti cha kuzungusha kuku. Pesa hiyo nunua kitabu cha pili.

Na ninyi mliopanga, mnaochangia LUKU moja na wapangaji wengine, kaelewaneni na wenzenu kwanza kabla oveni haijaingia getini. Ikishaanza kunukia nyumba nzima, kila uniti itakayoisha utaulizwa wewe.