Mashine ya boti inayolala majini: nunua nini kwanza, nini baadaye

Kama mashine yako inalala majini pale marina wiki nzima afu we unaitumia wikendi tu, jua kinachoimaliza sio safari, ni zile siku imekaa kimya. Mguu wa mashine, yani ile sehemu ya chini inayozama majini, ni aluminiamu, maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana, na chuma cha aina nyingine kikiwa jirani basi aluminiamu ndo inaliwa.

Kabla hujatoa hela, inua mashine kila ukiondoka, hiyo ni bure. Shida ni kwamba boti nyingi hata ukiinua mpaka mwisho bado ncha ya mguu inabaki imegusa maji huku zinki ya chini, kile kipande cha chuma kinachofungwa ili kiliwe chenyewe badala ya mguu, iko juu inapigwa upepo, yani haikulindi kabisa. Ukiona hivyo hakikisha zinki ya kwenye braketi, ile inayoshika mashine kwenye boti, iko ndani ya maji na vile viwaya vinavyounganisha braketi na mguu havijakatika.

Namba moja kwangu, bila mjadala, ni zinki zenyewe. Tunaziita zote zinki ila sio zote ni zinki: maji ya chumvi chukua zinki au aluminiamu, pale mto unapokutana na bahari chukua aluminiamu, maji matamu magnesiamu. Usibadilishane, magnesiamu kwenye chumvi inaisha haraka mno na zinki kwenye maji matamu inajenga gamba gumu inaacha kufanya kazi. Nunua seti nzima pamoja na zile ndogo za ndani ya bloku ya injini, watu wengi hata hawajui zipo. Ikiliwa nusu badilisha, usingoje iishe. Ukifungua bolti utakuta unga mweupe pale ilipokaa, usifunge mpya juu yake, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, maana zinki isiyogusana na chuma ni pambo tu, na ukiipaka rangi ni hivyo hivyo. Na kama imekaa mwaka mzima majini bado inang'aa kama mpya usifurahi, hapo haijashika.

Namba mbili ni mpira wa maji na kiunganishi cha kusuuzia. Mashine nyingi za siku hizi zina tundu lake la kusuuza, unachomeka mpira unaacha maji matamu yapite dakika 10 mpaka 15 bila kuwasha, hata boti ikiwa majini. Vile vikombe vya kubana kwenye mguu ni vizuri boti ikiwa nchi kavu, ukiwa marina vitakusumbua.

Namba tatu ni kwa wanaochomeka umeme wa gatini tu. Waya wa ethi unaunganisha vyuma vya boti yako na vya majirani wote waliochomeka, kwa hiyo zinki yako inaweza ikawa inawalinda wao. Kuna kifaa kinafungwa kwenye huo waya kinazuia ule mkondo mdogo wa umeme unaokula chuma, mwambie fundi umeme wa boti akufungie. Usije ukaukata waya wa ethi, huo ndo unaokuokoa na shoti. Kama huchaji, chomoa tu.

Rangi naiweka namba nne, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mimi nilipaka mguu rangi iliyobaki ya chini ya boti, ina shaba ndani, nikaona nimeokoa. Miezi michache baadaye napitisha kidole pembeni nasikia vishimo vishimo, rangi imevimba malengelenge, ukikwaruza inatoka na unga wa aluminiamu. Soma kopo, kama lina shaba weka chini, tafuta rangi ya kupakia aluminiamu isiyo na shaba, pamoja na primeri yake, ile rangi ya kwanza ya kushikia.

Mwisho ni mfuko wa kuvalisha mguu. Unazuia mwani na vile vigamba vinavyoganda kama chokaa, ila unachanika, na siku ukisahau kuuvua ukawasha, mashine haivuti maji inaungua. Ukinunua, funga kitambaa chekundu kwenye swichi ya kuwashia kila ukiuvalisha.

Na ukiwasha baada ya kukaa siku nyingi tazama kwanza kile kimkojo cha maji pembeni, kikitoka chembamba au hakitoki zima hapo hapo ukakague matundu ya kuvutia maji.